Sony TC-800B: Kinasa sauti kilichomng'oa Nixon

Sifa zake kwanza, maana inazistahili. TC-800B ni mashine ya kubebeka yenye magurudumu mawili ya mkanda, wala haikuundwa kwa ajili ya majasusi. Ni bidhaa ya dukani tu. Walinzi wa rais wa Marekani, Richard Nixon, walianza kuzifunga Ikulu Februari 1971, zikaongezeka hadi zikafika tisa, na kufikia Julai 1973 zilikuwa zimenasa takribani saa 3,700 za mazungumzo. Kwa ustahimilivu, hazina mpinzani.

Ubovu uko kwenye ufungaji. Spidi iliyochaguliwa ni inchi 15/16 kwa sekunde, yaani kama sentimita 2.4. Kaseti ya kawaida hukimbia sentimita 4.75, kwa hiyo hapa rais wa taifa kubwa alirekodiwa kwa nusu ya spidi ya kaseti ya taarabu. Mkanda nao ulikuwa mwembamba mno, maikroni 12.7. Ukibana hivyo unaokoa mkanda, lakini unapoteza sauti kali za s, f na sh, na mvumo unapanda juu ya maneno.

Maikrofoni tano zilifichwa ndani ya meza ya Nixon, na nyingine mbili karibu na meko. Matokeo yake, kikombe cha kahawa kikitua mezani kinagonga kama nyundo, na mgeni aliyekaa mbali na meza ananong'ona. Kanda za simu ndizo safi, kwa sababu sauti ilichukuliwa kwenye laini yenyewe.

Kasoro kubwa, kwa mwenye mashine lakini, ni kujiwasha. Marais waliomtangulia, Kennedy na Johnson, walirekodi pia, ila kwao lazima mtu awashe. Nixon hakuwa na mkono wa mitambo, ndiyo maana ofisini kwake ikafungwa inayoamshwa na sauti. Mashine ya namna hii haichagui. Mtu anaizoea, anaisahau, na inaendelea kunasa yale ambayo mwenye akili asingebonyeza kitufe kuyahifadhi.

Hata hivyo, haikunasa yote. Simu ya Juni 20, 1972 kati ya Nixon na John Mitchell, mkuu wa kampeni yake, haipo; ni siku tatu baada ya watu kuvunja ofisi za chama cha upinzani cha Democratic katika jengo la Watergate. Ilipigwa kutoka makazi ya rais, kwa laini isiyounganishwa na mfumo. Mazungumzo na John Dean, mwanasheria wa Ikulu, ya Aprili 15, 1973 hayapo pia. Maelezo ya Ikulu yalikuwa kwamba mkanda uliisha. Ilikuwa Jumapili.

Neno kuhusu Uher 5000, mashine ya pedali aliyopewa Rose Mary Woods, katibu wa Nixon, kunakili kanda kwa maandishi. Kwenye kanda moja lilikutwa pengo lisilo na maneno. Alidai kwamba akijinyoosha kupokea simu alibonyeza kitufe cha kurekodi badala ya kusimamisha, mguu ukabaki kwenye pedali. Kwa maelezo yake hayo yangefuta dakika kama tano. Pengo lina dakika 18 na nusu. Wataalamu sita walichunguza alama za sumaku zinazoachwa na kichwa cha kufutia na wakahesabu ufutaji usiopungua mara 5, pengine hata 9, uliofanywa kwa vitufe vya mkono. Uher haina kosa.

Kanda iliyommaliza Nixon haikufutwa. Ni ya Juni 23, 1972, siku sita baada ya uvunjaji wa Watergate: Nixon na Haldeman, mkuu wa watumishi wa Ikulu, wanakubaliana CIA iizuie FBI kuendelea na upelelezi. Mahakama Kuu ya nchi iliamuru kanda zitolewe kwa kura 8 kwa 0, Julai 24, 1974. Agosti 5 hii ikawekwa hadharani. Agosti 9 Nixon akaondoka madarakani.

Kusikiliza ni bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Nixon. Vaa hedifoni, usitumie spika ya simu. Anza na kanda za simu ili sikio lizoee sauti yake, kisha tafuta mazungumzo namba 741-2, ndiyo hayo ya Juni 23, huku nakala ya maandishi iko wazi pembeni.