Futi, mizani au koleo: kipi kikupime mafuta ya tumbo

Malalamiko kuhusu mizani za "kupima mafuta" yanafanana: asubuhi asilimia 29, jioni 33, kesho yake 27, na mtu hajala cha ajabu wala hajakimbia popote. Muuzaji akiulizwa anasema badilisha betri. Betri haina kosa. Aliyeinunua kwa kuhofia presha, kisukari na moyo hakuwa na haja ya kujua ana mafuta kiasi gani mwili mzima. Alitaka kujua yamekaa wapi, na hilo mizani haimwambii.

Mafuta ya mapajani na makalioni ni wapangaji wapole. Wenye fujo ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo. Yakimeng'enywa, asidi zake huingia kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likizidiwa, sukari na lehemu za damu zinapanda. Utafiti wa INTERHEART, uliohusisha watu zaidi ya 27,000 katika nchi 52, ulikuta uwiano wa kiuno na nyonga unahusiana na mshtuko wa moyo kwa nguvu kuliko BMI, kile kipimo cha uzito kwa urefu. BMI haijui kitambi na misuli vinatofautiana vipi. Inagawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, basi.

Basi hapa sitagusa Bluetooth, programu ya simu wala kioo cha mizani kina rangi gani. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Vifaa nimevipanga kwa swali moja: kitasoma kiuno chako kwa ukweli leo, na kitaendelea kusoma kwa ukweli baada ya mwaka?

1. Seca 201

Sifichi upendeleo wangu. Seca ni kampuni ya Hamburg, Ujerumani, inayotengeneza mizani tangu 1840, na 201 ni futi yao ndogo ya kujikunja yenyewe, inayofika sentimita 205 na kusoma kila milimita. Ncha yake inanasa kwenye kasha, kwa hiyo mtu aliye peke yake anaweza kuizungusha mgongoni bila kumwita jirani. Udhaifu wake ni kwamba haikuzuii kubana tumbo. Mkono wako ndio unaoamua nguvu.

Shida ni nakala. Zimejaa: kasha jeupe la mviringo, umbo lile lile, na muuzaji anaapa, "Orijino kabisa, dada." Nyingi zinakosea pale ncha inaponasa, kwa sababu upana wa kasha haukuhesabiwa vizuri. Futi ya hivyo ukiinyoosha mezani inasoma sawa, ukiizungusha mwilini inadanganya. Kwa hiyo usiijaribu mezani. Omba mtungi wa gesi wa kilo 15, ambao mzunguko wake haupishani sana na kiuno cha mtu mzima. Zungusha ukanda wa karatasi ngumu katikati ya mtungi, weka alama ya kalamu unapokutana, ulaze juu ya futi ya chuma ya seremala, uandike namba. Sasa zungusha futi unayotaka kununua pale pale. Zikipishana zaidi ya nusu sentimita, irudishe kwenye kabati lake.

2. Futi yenye springi mwishoni, aina ya Gulick

Hii ina springi ndogo kwenye ncha na alama inayokuonyesha umevuta kiasi gani. Kwa wanaopima watu wengi, kama wahudumu wa afya wa jamii au walimu wa mazoezi, ningeiweka sawa na ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza futi isiyovutika inayokazwa kwa nguvu ile ile ya gramu 100 kila mara, na bila springi hakuna mkono unaojua gramu 100 ni kiasi gani. Kuipata madukani ndiyo kazi.

3. Futi kamba ya fundi cherehani, ikipita mtihani

Hapa ndipo penye kasoro ambayo hakuna anayeitazama: futi inavutika.

Futi kamba za bei rahisi ni plastiki laini. Iache kwenye dashibodi ya gari au karibu na pasi, ivute kila siku, na ile mita ya kwanza inarefuka taratibu. Namba zinaachana, lakini macho hayaoni. Tuseme imerefuka kwa asilimia 2. Mwanamume mwenye kiuno cha sentimita 95 atasoma 93. Mpaka wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari kwa wanaume ni 94. Ameambiwa yuko salama, na futi imekosea upande ule ule tunaopenda ikosee: futi iliyovutika kila siku inakupunguza, haikuongezi hata mara moja. Ndiyo maana hakuna anayeirudisha dukani.

Jaribu hivi kabla ya kulipa. Tazama ukingo uliokatwa mwishoni: futi nzuri ina nyuzi nyembamba nyeupe za kioo ndani ya plastiki. Ikiwa ni plastiki tupu, achana nayo. Kisha ilaze sambamba na futi ya chuma, sifuri kwa sifuri. Angalia pia sifuri inaanzia wapi, kwenye ncha ya bati au baada yake, kwa sababu hapo pekee unaweza kupoteza nusu sentimita. Ivute kidogo kama unayepima mtu. Alama ya 100 ikiangukia 100.5 ya chuma au zaidi, haifai. Mwisho pima inchi kwa sentimita: inchi 37 ni sawa na sentimita 94, na inchi 31 na nusu ni sawa na 80. Ziko futi zilizochapwa inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na pande hizo mbili hazikubaliani.

Iliyofaulu itundike kivulini, usiiviringe kwa kuikaza, na rudia mtihani huo kila baada ya miezi michache. Kamba isiyovutika nayo inasaidia: katia urefu wako, ikunje mara mbili, izungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako.

Namna ya kupima, maana futi nzuri mikononi mwa mzembe ni kamba tu

Pima asubuhi kabla ya kula, baada ya kwenda msalani. Vua mkanda, kanga na shanga za kiunoni. Shanga mbili tatu zinaongeza namba kirahisi. Simama wima, uzito sawa miguu yote miwili. Papasa ubavuni utafute mbavu ya chini kabisa, kisha ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, na uweke alama ya kalamu katikati, kulia na kushoto. Futi ipite kwenye alama hizo. Usitumie kitovu, kwa sababu tumbo likilegea kitovu nacho kinashuka. Jitazame kwenye kioo uone mgongoni haijateremka. Toa pumzi kawaida, usome mwisho wa pumzi hiyo bila kuvuta tumbo ndani. Rudia. Namba mbili zikipishana zaidi ya sentimita moja, anza upya.

Mipaka: sentimita 80 kwa wanawake na 94 kwa wanaume. Hizi kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara zimeazimwa kutoka takwimu za Ulaya, kwa hiyo zisome kama taa ya njano. Kwa wanaume wenye asili ya Asia Kusini, ambao si wachache Mombasa na Dar es Salaam, mpaka ni 90. Mimi napendelea kipimo cha nusu ya urefu, ambacho taasisi ya NICE ya Uingereza ilikiingiza kwenye mwongozo wake 2022: mwenye sentimita 168 kiuno chake kisifike 84. Kiuno ukikigawa kwa urefu, uwiano wa 0.5 hadi 0.59 ni hatari iliyoongezeka, na 0.6 kwenda juu ni kubwa.

4. Mizani yenye mpini wa kushika mikononi

Ukilazimika kununua mizani ya mafuta, nunua yenye sahani za chuma miguuni na mpini wa mikononi, kama baadhi ya Omron na Tanita. Umeme dhaifu ambao mizani hizi hutumia kukadiria mafuta unapita kiwiliwili, angalau. Lakini namba ya "mafuta ya ndani" haipimwi. Inakadiriwa kwa hesabu inayotumia pia umri, jinsia na urefu ulioingiza. Ifanyie jaribio dukani: panda ukiwa umeandika umri wa miaka 25, kisha 55. Mwili ni ule ule, namba zimebadilika. Na kila kampuni ina kipimo chake: 12 kwa Tanita ni afya, kwa Omron tayari ni juu. Usilinganishe yako na ya shemeji yako.

Mwenye betri ya moyo (pacemaker) asipande kabisa.

5. Mizani ya kukanyaga tu

Umeme unapanda mguu mmoja na kushuka mwingine, kitambi unakipita kwa mbali. Kisigino kikavu chenye nyufa kinavuruga. Ukipungukiwa na maji, mfano saa kumi jioni ya Ramadhani, umeme unapita kwa shida na mizani inadhani ni mafuta. Itumie kwa kilo tu.

6. Koleo la kubana ngozi

Harpenden ya Uingereza ni chombo cha heshima, kinabana gramu 10 kwa kila milimita mraba bila kubadilika. Kwa makocha, sawa. Kwa moyo hapana, kwa sababu linashika mafuta yaliyo chini ya ngozi na yale ya ndani hayashikiki kwa vidole. Ya plastiki hayana hata nguvu ya kubana inayojulikana.

Kuhusu wauzaji, niseme moja. Mizani ya kukanyaga inatangazwa kama "kipima magonjwa ya moyo", bei haiandikwi, ukiuliza unaambiwa njoo inbox, na ukifika inbox bei inategemea picha yako ya wasifu. Futi haina matangazo kwa sababu faida yake ni ndogo. Ingia duka la vifaa tiba ukaulize futi ya kiuno, na kijana wa kaunta atakuonyesha mizani ya kioo kwanza. Ukimkatalia atakuonyesha ya pili. Futi iko kwenye droo ya chini, na mara nyingi haina boksi. Mwombe akuazime na futi ya chuma.