"Paka alipita": uzoefu wangu na kimlango cha paka

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: kimlango nakipa nyota nne na nusu, duka nalipa sifuri, na kama kungekuwa na kitu chini ya sifuri ningekitafuta. Mwenye muda avute kiti.

Kimlango chenyewe ni kile cha kusoma chipu. Ukubwa wake, rangi zake, hayo yote yameandikwa kwenye boksi, sitawapotezea muda. Kwangu Buruburu kilihitajika kwa sababu ya dirisha la jikoni. Paka wangu wawili, Shosho na Mheshimiwa, walikuwa wanaingilia na kutokea hapo, kwa hiyo dirisha lilikesha wazi. Na dirisha linalokesha wazi Nairobi lina wageni wake. Kuna yule mwenye fito ndefu yenye kulabu, anayevua simu na sufuria kupitia grili watu wakiwa wamelala. Halafu kuna dume moja la mtaa, sikio limekatika, halina mwenyewe, lililokuwa likija kumaliza omena na kukojolea friji kama risiti. Ukifunga dirisha nalo, saa kumi alfajiri Shosho anaanza kukwaruza mlango wa chuma, Mama anayelala chini anaamka, na Mama akiamka saa hizo anaomba kwa sauti, akitaja majina ya wote wanaohitaji kuombewa. Langu huwa la kwanza.

Paka wote wawili walishatiwa chipu na daktari wa mifugo, ile punje ya chini ya ngozi kati ya mabega, yenye namba ya tarakimu 15. Paka akiingiza kichwa, kimlango kinasoma namba, kinaachia kufuli, anapita. Dume la mtaa likija linagonga kichwa na kurudi lilikotoka. Kwa hilo, nasema mapema, sijawahi kujuta kununua.

Shida ilianzia kwenye simu. Duka, ambalo silitaji maana sitaki barua ya wakili, liliniuliza, "Madam, utahitaji na mafunzo ya paka?" Mafunzo! Nikasema kumbe Nairobi tumefika mbali. Nikalipia, juu ya bei ya kimlango, kwa M-Pesa, hata boda hajafika na mzigo.

Kukifunga kimlango nilimwachia fundi wa kuchomelea wa jua kali, mmoja wa hawa wa kando ya Rabai Road. Alikata tundu kwa grainda, akalikata kubwa kuliko karatasi ya vipimo inavyosema, kwa sababu chuma kikikaa karibu na kimlango kinavuruga usomaji wa chipu, kisha akajaza nafasi iliyobaki kwa fremu ya mbao. Sina neno na huyo. Alifika saa aliyosema atafika, jambo ambalo hapa mjini peke yake lina nyota yake.

Sasa mwalimu wa paka.

Alikuja adhuhuri, fulana ya duka, kisikizi sikioni ambacho hakukitoa hata wakati wa kusalimia. Nasema kusalimia kwa kumstahi tu. Alimwambia Mama, "Sasa mathe." Mama ana miaka sabini na kitu, ni mwalimu mstaafu, amefundisha watu ambao leo ni wakuu wa shule. Alimwangalia kijana kuanzia viatu mpaka kichwani, akarudi kuchambua mchele wake.

Mimi nilikuwa nimeshaandaa omena kwenye kisahani. Nilidhani ataketi, atamwita paka, ataanza polepole. Akauliza tu, "Paka iko wapi?" Shosho alikuwa amelala juu ya gunia la makaa. Huyu nilimchukua KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, kule Lang'ata Road, akiwa tayari mtu mzima na mambo yake, na mpaka leo mtu akinyanyua ufagio anaingia chini ya kabati. Nikaanza kusema, "Ngoja, huyo ni mwoga…" Sikumaliza.

Nitaeleza nilichoona kwa sababu duka linadai sikuona. Alimshika ngozi ya shingo kwa mkono mmoja, makalio kwa mkono wa pili, akamsukumiza kwenye kimlango kichwa mbele. Kichwa kikapita, mabega yakapita. Miguu ya nyuma ikapanuka, kucha zikang'ang'ania fremu ya mbao. Michubuko iko mpaka leo upande wa kushoto, anayebisha aje. Kijana akasukuma tena. Kifuniko kikamwangukia Shosho mgongoni, kikamburuzia mpaka mkiani, kufuli ikalia tik. Sauti aliyotoa yule paka sikuwahi kuisikia, na nimemkalia wakati wa sindano. Akakata ua, akaparamia ukuta, huyo kwa jirani.

Kijana akapangusa mikono kwenye jinzi. "Si umeona? Amepita."

Nikamwambia huyo hajapita, ametupwa nje. Akacheka. "Madam, hii mlango haina shida. Shida ni paka yako. Hii imezeeka." Mama akainua macho kutoka kwenye ungo kwa hilo neno la kuzeeka, lakini hakusema kitu. Halafu, haki ya Mungu, kijana akanisogezea simu yake nimpe nyota tano kabla hajaondoka. Na akaulizia nauli.

Shosho alirudi usiku, kwa ukuta, akapitia mlango wa mbele tulipomfungulia. Jikoni hakukanyaga. Chakula tukawa tunampelekea chini ya ngazi kama mgonjwa aliyelazwa. Alikojoa ndani ya beseni lenye nguo za Mama za kanisani, zilizokwisha kupigwa pasi. Kila kifuniko cha sufuria kikilia, alikuwa anashtuka na kukimbia.

Nikapiga simu dukani. Dada aliyepokea alikuwa na sauti ya kubembeleza, ile wanayofundishwa. Nikaeleza yote, nikafika mpaka kwenye nguo za kanisani. Akanyamaza kidogo, nikasikia vidole kwenye kibodi, halafu akasema, "Madam, kwa ripoti yetu hapa mafunzo yalifanyika. Imeandikwa paka alipita."

Paka alipita.

Nimelala na hilo neno. Nimeamka nalo. Nikiwa kwenye matatu Jogoo Road, foleni imekwama, najikuta nasema peke yangu, "alipita." Kwani nani alibisha kwamba alipita? Kinachoniua ni kwamba nchi yetu nzima imejaa ripoti za namna hiyo. Mitaro ilizibuliwa, kwenye ripoti. Taka zilizolewa, kwenye ripoti. Taa za mtaa zinawaka, kwenye ripoti, na sisi tunatembea na tochi za simu. Sasa na paka wangu naye ameingizwa kwenye faili, amehitimu, na yuko chini ya ngazi anakojolea nguo.

Kwa hasira nikaanza kusomasoma habari za vimlango hivi. Kumbe kule Exeter, Uingereza, ndani ya kanisa kuu, kuna tundu la paka kwenye mlango mmoja tangu enzi za askofu William Cotton, aliyeshika kazi mwaka 1598. Maseremala walilipwa peni 8 kulikata. Peni 8, tundu likatoka, paka akafuata panya wake. Hakuna aliyetozwa mafunzo.

Basi tukawafundisha wenyewe, Mama na mimi, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize wenye paka wakaidi, kwa sababu hakuna uchawi wowote ambao duka lingekuwa nao. Kwanza kimlango chote tulikifungua kabisa. Kifuniko tulikiinua kwa kamba na kibanio cha nguo, likabaki tundu tupu lisiloweza kumwangukia mtu. Wenye haraka ndio wanaharibu hapo: wanataka paka ajue kusukuma kabla hajajua kwamba pale ni njia.

Mheshimiwa hakutusumbua. Huyo ni tumbo lenye miguu. Omena ikiwa ng'ambo atavuka hata Bahari Hindi. Kifuniko kiliposhushwa hakusukuma kwa kichwa kama kwenye picha za boksi. Alikaa kando, akaingiza ukucha mmoja kwenye ukingo wa chini, akakivuta kuelekea kwake, akapenyeza pua kwenye ufa, halafu mwili mzima ukafuata kwa kunung'unika. Ndivyo anavyopita mpaka leo. Nimemwacha na mtindo wake.

Shosho ndiye tuliyemsotea. Kwanza kimlango kilikuwa kinanuka plastiki mpya, na juu ya hiyo, mikono ya yule kijana. Mama akachukua soksi kuukuu, akawa anampapasa Shosho mashavuni nayo, pale ambapo paka huacha harufu yake anapojisugua kwenye miguu ya watu, kisha anaisugua soksi kwenye fremu. Kila jioni, kabla ya chakula, akiwa na njaa yake. Mimi nikicheka. Lakini siku moja nikamkuta Shosho amesimama jikoni, shavu kwenye fremu, anajisugua mwenyewe.

Tatizo la pili lilikuwa nje. Kifuniko ni angavu, na lile dume la mtaa lilikuwa na tabia ya kuketi ng'ambo likikodoa. Nani atatoka hapo? Nikabandika karatasi ya kaki kwenye kifuniko, Mama akasogeza ndoo zake za sukuma wiki na mshubiri zikawa kama kichaka pande zote mbili za tundu, ili anayetoka asitokee uwanjani moja kwa moja.

La tatu lilikuwa tik. Hiyo kufuli, kwa sikio la paka aliyepigwa na kifuniko, ni bunduki. Tulichofanya: Shosho anakula sebuleni, mimi jikoni nampitisha Mheshimiwa mara hii na hii ili kufuli ilie. Anainua kichwa, anaona chakula kipo, anaendelea. Siku zinavyokwenda, kisahani kinasogezwa. Sebuleni, mlangoni, jikoni, mwisho hatua moja kutoka kwenye kimlango. Kamba nayo tunaishusha kidogo kidogo, mpaka kifuniko kinamgusa mgongo tu anapopita, kama unavyoguswa na pazia. Akikataa, hakuna anayemgusa. Tunarudisha kamba juu, tunafunga shughuli. Zipo jioni nilitamani kumsukuma, sitadanganya, lakini Mama alikuwa amekaa pale na miwani yake.

Ilichukua muda. Masika yalitukuta bado tuko na kamba.

Halafu usiku mmoja ikanyesha ile mvua ya Nairobi inayokuja na mabati ya watu. Dirisha limefungwa, milango imefungwa, Shosho yuko nje, nami nimeshavaa koti niende kumtafuta na mwavuli. Nikasikia tik. Nikajua ni Mheshimiwa, lakini Mheshimiwa alikuwa kochini. Shosho akaingia jikoni amelowa chapachapa, masharubu yanadondoka, akapita katikati yangu na Mama bila salamu, moja kwa moja kwenye kisahani, akaanza kulalamika kwamba ni kitupu. Mama alipiga vigelegele. Saa tano usiku, mwalimu mstaafu, vigelegele. Majirani waligonga ukuta.

Usiku ule ningeulizwa, ningewapa nyota tano wote: kimlango, duka, hata yule kijana na fulana yake. Nililala na dirisha limefungwa, nikalala mpaka jua likanichoma. Dume la mtaa lilijaribu bahati yake kesho yake, nikaliona kupitia dirishani linasukuma kwa kichwa, linarudi nyuma, linakitazama kimlango kama mtu aliyekatwa mshahara. Raha niliyoipata hapo siwezi kuiweka kwenye nyota.

Ila asubuhi hiyohiyo duka likanitumia ujumbe: "Mpendwa mteja, mafunzo ya paka wako yamekamilika kwa mafanikio. Tupe nyota tano." Damu ikapanda upya. Yamekamilika na nani? Kwa soksi ya nani? Nikawajibu nataka pesa ya mafunzo irudi, na pesa ya dobi juu yake. Wakajibu kwamba huduma ikishatolewa hairudishwi, na kwamba kwa kumbukumbu zao, paka alipita.

Kwa hiyo: kimlango, nyota nne na nusu. Nusu naikata kwa sababu kinakula betri 4 na ukinunua zile za bei rahisi za barabarani zinakata ghafla, na Mheshimiwa akikuta pamefungwa anakaa pale analia kama yatima. Huduma, sifuri. Nimefikiria kuwapa nyota moja kwa ajili ya dada wa simu, ambaye hana makosa, anasoma kilichoandikwa. Nimeghairi. Angeweza kusema pole.

Dadangu wa Kahawa West ana paka watatu na dirisha bovu, ananipigia kila siku anataka kimlango kama changu. Na kusema kweli, sijaona kwingine wanakouza hiki kwa bei hiyo. Nimempa namba ya duka hilohilo. Nimemwambia wakianza habari ya mafunzo akate simu, na soksi aje achukue kwa Mama.