Singo malti mu Lubumbashi: Glenfiddich, Macallan, Laphroaig, Ardbeg, ile inalipa na ile inakula paka falanga

Niseme moja kwa moja: kama uko Lushi na unatafuta singo malti (wiski ya Uskoti ya kiwanda kimoja) ya kwanza ya kununua na falanga yako mwenyewe, kamata Glenfiddich 12, lakini si kila Glenfiddich 12, kamata ile yenye ilipitia Afrika Kusini. Bantu benyi banaona chupa ya kijani ya pembe tatu banasema yote ni moja, hapana. Geuza chupa, soma maandishi ya chini. Ukikuta 75 cl na degre 43 (ni kusema asilimia 43 ya alkoli), hiyo ilitengenezwa kwa soko ya Afrika Kusini, juu sheria ya kule haikubali wiski iuzwe chini ya degre 43, njo inapanda na makamiyo mpaka Kasumbalesa inaingia kwetu. Ukikuta 70 cl na degre 40, hiyo ni ya soko ya Ulaya, mara mingi inafika kwa njia ya Dubai ao mu valizi ya muntu mwenye anatoka Brussels.

Sasa piga hesabu. Cl 75 kwa degre 43 inakupa cl 32 na kidogo ya alkoli yenyewe, cl 70 kwa degre 40 inakupa 28. Tofauti ile, ukiirudisha mu wiski ya kunywa, ni karibu cl 10, yaani vere mbili za muzuri na bado inabaki. Na mu alimantasio mingi za hapa zote mbili ziko bei moja, saa ingine ile ndogo njo inapita bei juu iko mu kartoni ya kungʼaa! Mi nikiona muntu analipa zaidi kwa kupata kidogo inaniuma kabisa, njo maana naandika hii yote.

Na si hesabu tu, ni mu mudomo. Siye bantu kadhaa tunakutanaka siku ya Mungu kwa yaya mumoja kule Bel-Air, kila muntu na chupa yake, tunafunika chupa na gazeti, tunaandika numero chini ya vere, hakuna mwenye anajua anakunywa nini. Hatutumie vere kubwa ya maji, ni ile ndogo yenye tumbo na mudomo wa kufinyana juu harufu ibaki mule ndani. Na michopo inakuja nyuma, juu pilipili ikishafika ku ulimi hakuna tena mwenye atajua kutofautisha wiski ya bei na lutuku. Basi, Glenfiddich ya 40 tunaikutaka nyepesi, poire, pome ya kijani, ka asali kidogo, unameza imeisha. Ya 43 poire ni ile ile, lakini iko na mwili, inakaa ku ulimi, na mwisho unasikia muti na malti kama biskwi. Weka glaso (barafu) moja mu kila vere: ya 40 inakuwa maji ya poire, ya 43 inasimama.

Kwa bale benye bado banaanza: singo malti ni wiski ya shayiri tupu yenye ilichipuzwa, imetoka kiwanda kimoja, ilipikwa mu alambiki ya shaba, ikalala mu pipa ya muti wa mwaloni miaka 3 ao zaidi palepale Uskoti. Ile 12 ku etiketi ni umri wa wiski changa kabisa yenye iko mule ndani, si wa wastani. Glenfiddich yenyewe William Grant na batoto bake balijenga kiwanda 1886 pale Dufftown, pombe ya kwanza ikatoka siku ya Noeli 1887, na mpaka leo iko mu mikono ya familia ile ile. Njo maana bei yake haipande ovyo, beko na mapipa mingi sana na bazoefu wa zamani.

Glenlivet 12 ni jirani yake wa karibu, ya George Smith, muntu mwenye alikamata leseni 1824 wakati bengine bote kule milimani balikuwa banapika kwa kujificha. Iko na matunda zaidi, kuko kama nanasi hivi, nzuri, lakini sijaona sababu ya kuongeza dola juu yake. Glenmorangie ile ya machungwa na vanila, ya zamani ilikuwa miaka 10, ya sasa banaandika 12, inalala mu mapipa ya bourbon, ile wiski ya Marekani, juu Bamarekani sheria yao ya bourbon inataka pipa mupya kila mara, kisha banauza ile yenye imetumika kwa Baskoti. Bibi yangu hakunywaka wiski, lakini Glenmorangie anaombaka ka vere. Kama unatafuta ya kukaribisha muntu mwenye anasema wiski inachoma, ni hii.

Macallan 12 ya sherry, hapa njo kwenye tunabishanaka mpaka usiku. Grand mumoja wa kundi yetu, muntu wa kazi ya mine, kwake hakuna ingine, na mi naheshimu, juu ile wiski ni tamu kweli: zabibu kavu, mdalasini, tangawizi, ganda ya machungwa, na rangi yake yote imetoka mu pipa, habaongezee karameli, wakati sheria inaruhusu bengine batie karameli juu chupa zote zifanane. Mapipa yenyewe banayapeleka kwanza Jerez kule Hispania, banayajaza na vino ya sherry, kisha njo wiski inaingia, kazi ile ni ya bei nguvu na inaonekana mu vere. Lakini nisikilize: kwa chupa moja ya Macallan 12 unapata Glenfiddich mbili na bado kunabaki ya michopo. Je iko muzuri mara mbili? Kwangu hapana. Nyingine yenye unalipa ni jina. Kama unaenda ku bukwe, ao unapeleka kwa muntu mwenye alikufungulia mulango ya kazi, nunua Macallan bila kufikiri, juu bantu bote banaijua na heshima inafika mbele ya chupa kufunguliwa. Kwa kukunywa nyumbani, kama uko na ndugu mwenye anapita Johannesburg, mwagize GlenDronach 12, degre 43, nayo ya mapipa ya sherry, nzito, chokoleti na zabibu, na mi kwenye vere zenye zimefunikwa naichaguaka hiyo mbele ya Macallan.

Sasa tuingie kwa moshi, na hapa njo moyo wangu uko.

Kisiwa ya Islay, upande wa magharibi wa Uskoti, miti ni kidogo, zamani bantu balichoma turbe. Turbe ni majani na mizizi ya zamani zenye zilizama mu maji ya kinamasi myaka maelfu bila kuoza kabisa, banakata kama matofali, banakausha, banawasha. (Kwa kweli turbe siye Bakongo tuko nayo kupita bantu mingi, ile Cuvette centrale ya upande wa Mbandaka ni turbe tupu, na iache ilale pale pale, isichomwe.) Moshi ya turbe njo inakausha shayiri, na harufu inashika mu nafaka, inapita mu alambiki, inabaki mpaka mu vere yako myaka 10 nyuma.

Laphroaig 10 ni ya 1815. Ukifungua, nyumba yote inajua: iyode, bandeji, dawa ya hopitali, chumvi ya bahari, moshi. Kuko bantu banaweka vere chini palepale, na sibalaumu. Lakini ngojea dakika kumi, tia matone mbili ya maji, mara kunatoka utamu, vanila, malti, na moshi inakuwa laini. Shida yangu nayo ni moja tu, ile ya Ulaya iko degre 40, na kwa wiski ya nguvu ile degre 40 ni kidogo, mwisho wake unakatika haraka.

Ardbeg 10 haina ile shida. Degre 46, turbe zaidi ya Laphroaig, lakini nikuambie inaonekana safi zaidi, ndimu, lami, kahawa, moshi wa makala wakati moto imeisha kushika muzuri. Siku moja pale Bel-Air petit wetu aliweka glaso mingi mu vere ya Ardbeg, kidogo tu wiski ikaanza kufanya ukungu, ikawa kama maji yenye muntu alitia tone ya maziwa. Akasimama, akapiga kelele banatuuzia feki, falanga yake irudi! Tukamukalisha. Ile ukungu ni mafuta ya asili ya wiski yenyewe, bingi ya viwanda banapoza wiski mpaka karibu na baridi ya glaso, banaichuja mafuta yatoke, juu mununuzi asishituke. Ardbeg hawachuji hivyo, banaiacha ku degre 46 kwenye mafuta inabaki imeyeyuka, ukiipoza ao ukiongeza maji njo inajionyesha. Na mafuta ile njo inafanya wiski inanatanata ku ulimi. Kamata vere yenye haina glaso, inamisha, zungusha, angalia namna inashuka polepole ku kioo kwa michirizi minene. Kisha fanya vile na blendi (wiski ya kuchanganya) ya bei ya chini, utaona inashuka haraka zaidi, juu degre yake nayo iko chini.

Kwa bei, Ardbeg inapita Glenfiddich, si siri. Lakini chupa yangu inakaa muda mrefu juu hakuna muntu anakunywa Ardbeg vere nne, vere moja ndogo mu baridi ya mwezi wa saba, wakati Lushi inakauka na usiku inauma mifupa, inatosha kabisa. Ukigawanya bei kwa usiku zenye ilikupa, iko chini ya bira.

Talisker 10, ya kisiwa Skye, tangu 1830, degre 45.8, niliiweka katikati: moshi wa kadiri, chumvi, na pilipili manga inapanda mu koo mwisho. Kwa michopo ya mbuzi hakuna wiski ingine mi naijua yenye inafaa vile. Kama Laphroaig inakuogopesha na Glenfiddich inakuchosha, pita hapa.

Na Johnnie Walker Black, ile kila nganda iko nayo? Si singo malti, ni blendi, malti za viwanda mbalimbali na wiski ya nafaka zingine, yote miaka 12 ao zaidi, na mule kuko Caol Ila ya Islay, njo ile moshi kidogo unaisikiaka. Mi siwezi kuidharau. Kwa bei yake inashinda singo malti mbovu zenye ziko mu kartoni ya kungʼaa na zenye haziandike hata umri. Kama bajeti haifike Glenfiddich, kunywa Black bila haya, ni wiski ya kweli.

Miaka 18 na kuendelea siwapangie hapa. Kila mwaka karibu asilimia 2 ya wiski inapotea mu hewa kupitia muti wa pipa, na pipa inakaa ghalani inakula nafasi, kwa hiyo bei inapanda, hiyo naelewa. Lakini umri mukubwa haimaanishi ladha kubwa, zingine zinakuwa muti tupu, unasikia kama unalamba mbao ya chai kavu. Kati ya 10 na 16 njo kwenye falanga ya muntu wa mushahara inapata jibu. Lagavulin 16, degre 43, moshi na zabibu pamoja, ni ile mi nanunuaka kama primu imetoka.

Mambo ya feki, na hii muishike. Mu alimantasio moja, sitaitaja, niliuziwa Glenfiddich yenye kizibo ilikuwa inazunguka mbele nisifungue, ndani alkoli na karameli, kichwa iliuma mpaka kesho yake jioni. Tangu pale naangaliaka: karatasi ama plastiki ya shingo iwe nzima na ishike, kiwango ya wiski ifike ku shingo na iwe sawa na chupa za pembeni, numero ya loti iandikwe ku kioo na isifutwe. Na bei yenye iko chini ya nusu ya soko, kimbia. Kingine, chupa ikiisha usiitupe nzima na usimupe muntu wa kuokota ikiwa na kartoni yake, pasua etiketi na kisu, toboa kizibo. Chupa zile tupu zinatafutwa sana, na si kwa kuwekea asali tu.

Mwisho mambo ya kuweka. Usilaze chupa kama vino, isimamishe, juu alkoli ya degre 40 na zaidi inakula kizibo ya gome na kesho utachuja vipande mu vere. Iweke kwenye giza, mbali na dirisha yenye jua ya saa tisa inaingia, juu jua inafuta ladha. Friji hapana. Na chupa ikishabaki robo, hewa mule ndani imekuwa mingi kuliko wiski, poire ya Glenfiddich njo inaenda ya kwanza, usiingoje Noeli, ita bandugu muimalize.