Chakula cha kopo kwa paka mwenye sukari, uzoefu wangu hapa Lamu

Nimekipenda na nitaendelea kununua. Paka wangu Mboni alianza kunywa maji hayaishi, kukojoa ndo usiseme, anakula vizuri lakini mgongo umebaki mifupa, tukapima ikawa ni sukari. Daktari akamwanzishia sindano ya insulini asubuhi na jioni, kila baada ya masaa 12, akasema na zile punje kavu za chakula cha paka tuziache polepole, punje haishikani bila wanga, na wanga ndio unapandisha sukari.

Sasa naagiza pate ya kuku ya kopo (nyama iliyosagwa laini), inakuja na basi mpaka Mokowe halafu inavuka na boti. Jamani mkinunua msidanganywe na picha ya mbele, geuza kopo usome nyuma. Wanga mara nyingi hawaandiki, unapiga hesabu mwenyewe. Hii yangu protini 11, mafuta 6, nyuzi 0.5, majivu (yaani madini) 2.5, maji 78, jumla 98, kwa hivyo wanga ni kama 2 kwa mia. Zile punje nilizokuwa nampa, hesabu hiyo hiyo, 37! Hata ukitoa maji kotekote ulinganishe sawasawa bado kopo ni kama 9 kwa mia, punje kama 40. Halafu za mchuzi mzito ziangalieni sana, nyingi zimetiwa unga.

Lakini usibadilishe chakula kimya kimya kama paka yuko kwa sindano, ongea na daktari kwanza, maana wanga ukipungua sukari inashuka na dozi ile ile ya insulini inaweza kumzidi, akalegea, akayumba, hata akapata degedege. Asali iko jikoni muda wote, ni ya kumpaka kwenye fizi huku unampigia daktari. Na akigoma kula sichomi mpaka niulize.

Mboni anakimaliza chote, maji yamepungua kunywa, nyama inarudi mgongoni, nafurahi mno.

Wanaouliza si umpe samaki tu, huku wamejaa? Samaki hana wanga kweli, namchemshia kidogo bila chumvi, ila samaki peke yake hamtoshelezi paka, kopo lina taurini (kirutubisho ambacho paka hawezi kukikosa) na vitamini zote.

Ubaya wake ni bei, pia kopo ni kubwa, ukishafungua lazima friji, na umeme ukipotea joto hili linaharibu upesi. Wangeleta makopo madogo ningenunua hayo.