Kozi ya jioni ya uandishi wa kubuni Nairobi: nilichopata kwa ada yangu

Kwa wenye haraka: kama unajiunga kwa ajili ya cheti, usitoe pesa zako. Kama unataka kumwona mwandishi akifumua kazi yake mwenyewe mbele ya watu na kuisuka upya, lipa.

Ni kozi fupi katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, si mbali na katikati ya mji. Jina silitaji kwa sababu nina malalamiko, na ofisi ya chuo bado imekalia karatasi zangu. Madarasa ni jioni baada ya kazi, na kila mwezi kuna usomaji: mwandishi mgeni anaalikwa, anasoma, anaulizwa maswali. Usomaji ni bure kwa yeyote. Darasa ndilo linalolipiwa, na waliolipa hubaki na mgeni kwa saa nzima baada ya ukumbi kufungwa. Saa hiyo ndiyo niliyoinunua mimi.

Usomaji wenyewe huanza vibaya. Mshereheshaji anashika kipaza sauti na kutusomea wasifu wa mgeni tuzo kwa tuzo, kisha anahamia tuzo za watu wasiokuwepo. Tunakumbushwa kila mara kwamba Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Kiafrika, imeshachukuliwa na Wakenya: Binyavanga Wainaina mwaka 2002, Yvonne Adhiambo Owuor 2003, Okwiri Oduor 2014, Makena Onjerika 2018 na Idza Luhumyo 2022. Ni fahari yetu sote, sikatai. Ila anaisoma kama matokeo ya mechi na kuachia hapo. Wainaina aliposhinda, mwaka uliofuata jarida la Kwani? likaanza hapa hapa Nairobi, naye akiwa mwasisi wake. Na hadithi iliyompa Owuor ushindi wa 2003 ilitoka katika jarida hilo hilo. Kwamba mtu alishinda akafungulia wengine mlango wa kuchapisha, hilo ndilo wanafunzi wa uandishi wanalohitaji kusikia. Halisemwi.

Mgeni aliyeirudisha thamani ya ada yangu yote alikuwa malenga wa makamo kutoka Mombasa. Ukumbini alighani mashairi yake bila karatasi, na watu wa Pwani waliokaa nyuma wakawa wanamalizia vina pamoja naye. Makofi, picha, basi. Kisha tukabaki naye darasani, akachukua chaki akaandika mshororo mmoja ubaoni:

Nairobi mji wangu, kwa nini wanipa mgongo

"Haya, hesabuni," akasema. Kijana mmoja wa mbele akahesabu kwa vidole akapata mizani (yaani silabi) saba upande wa kwanza, kabla ya mkato.

"Mwanangu, hiyo *m* ya *mji* umeitupa wapi? M, ji. Hizo mbili."

Ikawa nane. Upande wa pili tukapata tisa, yaani mzani mmoja wa ziada, na pande mbili zilitakiwa zilingane. Mzee akatueleza kwamba alikaa na mshororo huo muda mrefu akijaribu kupunguza kwingine, kwa kuwa swali lake alilipenda. Mwishowe akafuta *kwa nini*, akaweka *mbona*. Nane kwa nane. Akaughani tena, na sote tukasikia jinsi swali lilivyogeuka kuwa lawama. Mama mmoja aliyeketi karibu nami, mwalimu wa shule ya msingi, akauliza: "Mzee, kwa hiyo mizani ndiyo iliyokuandikia?" Akacheka akasema mizani ilimfungia mlango mmoja, akalazimika kutafuta mwingine. Mimi kazi yangu ni kusoma prufu, kila siku nakata maneno ya watu, na sijapata kuona neno moja likikatwa kwa faida kubwa namna hiyo.

Wageni wa hadithi fupi nao wanafaa, hasa wakija na rasimu zao za mwanzo. Asiye na rasimu huishia kusimulia maisha yake.

Sasa malalamiko. La kwanza, Kiswahili huwekwa mwisho wa ratiba, wakati wanaokaa mbali, Githurai na Rongai, wanatazama saa wakiwazia matatu ya kurudi nyumbani. Mwaka 1968, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati ya masomo. Waraka huo tunausoma darasani kwetu, kwa Kiingereza, halafu malenga anapewa dakika za kufungia. Kwenye ubao wa matangazo zimebandikwa tuzo za ng'ambo tupu. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, haimo, na hiyo hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Tuliolipa ada pale karibu wote tuna miswada ya namna hiyo. Nilichapa tangazo lake mwenyewe nikalibandika. Wiki iliyofuata lilikuwa limefunikwa na tangazo la vyumba vya kupanga.

La pili ni ofisi. Nililipa kwa simu, ujumbe wa malipo ukaingia papo hapo, lakini stakabadhi ya chuo ilichukua wiki kadhaa, na kila karani alinituma dirisha la mwenzake. Hifadhi ujumbe wako.

Mijadala ya rasimu zetu wenyewe ni ya wastani. Kundi ni kubwa, na ukisoma kurasa zako mwisho wa kipindi unapata "iko sawa" tatu na mtu mmoja anayekusahihishia nukta. Nilipomwomba Daktari anayetufundisha agawe darasa makundi mawili, alikubali, na tangu hapo rasimu yangu imeanza kurudi na alama za kalamu pembeni.

Muhula ujao nalipia tena, lakini kwa sharti langu: naangalia kwanza orodha ya wageni kabla ya kutuma pesa. Wewe ukitaka kuonja bila kulipa, nenda usomaji wa wazi, fika ukiwa umechelewa kidogo ili wasifu ukupite, na keti safu za nyuma, wanakokaa wale watu wa Pwani.