Erithromaisini na azithromaisini: pete mbili za laktoni

Laktoni ni esta (muungano wa asidi na alkoholi) iliyojikunja ikajifunga yenyewe kuwa pete. Viuavijasumu hivi viwili vimejengwa juu ya pete kubwa ya aina hiyo, na vyote hukwama kwenye mfereji wa ribosomu, yaani kiwanda cha protini, ya bakteria, mahali protini mpya inapotokea. Protini ikizuiwa njiani, bakteria hakui.

Erithromaisini, iliyotangazwa mwaka 1952, ina pete ya atomi 14 na hutengenezwa na bakteria wa udongoni. Udhaifu wake ni tindikali ya tumbo: kundi la ketoni (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu) lililo kwenye pete hushikana na haidroksili (jozi za oksijeni na haidrojeni) za jirani, umbo hubadilika, dawa inakufa kabla ya kufika kwenye damu. Ndiyo maana vidonge vingi hupakwa ngozi ya kuvikinga. Isitoshe, huamsha misuli ya utumbo, na aliyewahi kuimeza anaujua ule msokoto.

Wanakemia wa Zagreb, Kroatia ya leo, waliiondoa ketoni hiyo mwaka 1980 na kupenyeza naitrojeni, pete ikawa ya atomi 15. Badiliko dogo, lakini azithromaisini huhimili tindikali na kujificha ndani ya seli kwa siku kadhaa. Hivyo humezwa mara moja kwa siku, ilhali mwenzake kwa kawaida humezwa mara nne.

Kwa mgonjwa anayesahau dozi, mimi ningechagua azithromaisini. Ila bakteria sugu kwa erithromaisini asitarajiwe kuiogopa: kwa kawaida zote mbili hugonga mwamba.