Uzoefu wangu: nilivyopima hatari ya makovu kabla ya kupandikiza nywele, Kisumu

Niseme mapema kwamba nywele mpya sina, maana sijapandikiza bado. Ninachokisifia ni hatua ya kabla yake: kuonana na daktari wa ngozi hapa Kisumu, kisha kufanyiwa jaribio dogo la vipandikizi ili tuone ngozi yangu inapona vipi. Wengi huiruka hatua hii, na wauzaji nao hawana hamu ya kuitaja, kwa sababu aliyejaribiwa huenda akabadili nia kabla ya kulipia kazi nzima.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Panja zimeingia ndani, utosi nao umeanza kung'aa. Upara kwetu ni wa ukoo, na hilo pekee nisingelihangaikia sana. Shida ni kwamba makovu yetu huota. Nilitokwa na jipu dogo kifuani nikiwa kidato cha tatu, likaacha kovu ambalo limeendelea kutambaa hadi leo, na joto la Kisumu likizidi linawasha ajabu. Dada yangu alitoboa masikio, ndewe moja ikafanya uvimbe mgumu. Hiyo ndiyo keloidi. Kovu la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya jeraha, keloidi huivuka. Sisi watu weusi huipata zaidi kuliko wazungu, tena hurithiwa. Sasa mtu wa ukoo kama huo atobolewe kichwa matundu elfu mbili?

Nilikuwa nimeshaandikiana kwa WhatsApp na kliniki moja ya nje ya nchi. Niliwatumia picha za kichwa, zikarudi na bei, idadi ya vipandikizi, hoteli na gari la kunipokea uwanja wa ndege. Nilipouliza kuhusu keloidi niliambiwa mbinu yao haiachi kovu. Hapo ndipo nilipofunga mazungumzo. Ngozi ikikatwa inaacha kovu, liwe dogo au kubwa.

Njia ziko mbili. Ya kwanza daktari anakata ukanda wa ngozi kisogoni, anaugawanya kuwa vipandikizi, kisha anashona. Linabaki kovu moja refu kutoka sikio hadi sikio, jembamba likipona vizuri, pana ngozi ikivutika. Ya pili ni FUE, ambapo mizizi inatolewa mmoja mmoja kwa kifaa cha mviringo chenye upana wa kama milimita moja. Huachi mstari, unaacha nukta nyingi. Matangazo ya "bila kovu" yanazungumzia njia hii ya pili, na yanachomaanisha ni kwamba nukta zinafichika nywele zikiota juu yake.

Kwa nywele zetu kuna jambo jingine ambalo daktari alinichorea kwenye karatasi. Unywele wa kipilipili haujikunji juu ya ngozi tu, mzizi wake nao umepinda ndani ya ngozi. Kifaa kinaingia kimenyooka, mzizi umepinda kama ndoano, basi ni rahisi kuukata katikati, na uliokatwa huenda usiote tena, si ulikotoka wala unakopelekwa. Ili kuuokoa, mara nyingi daktari hutumia kifaa kipana zaidi, na tundu likipanuka kovu nalo linapanuka. Afadhali yetu ni kwamba nywele zilizojikunja hufunika eneo kubwa, kwa hiyo vipandikizi vichache hufanya kazi. Baada ya mchoro ule nilianza kuuliza kila daktari swali moja: umewahi kupandikiza vichwa vingapi vyenye nywele kama zangu, na nionyeshe picha za kisogo, si za mbele tu.

Uchunguzi wenyewe ulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, jambo lililonifurahisha. Alikagua kovu la kifuani, akauliza habari za dada, akanipitishia kichwani lenzi yenye taa. Alitaka kuhakikisha huu ni upara wa kurithi tu, wala si ugonjwa unaoua mizizi na kuacha kovu chini kwa chini. Ugonjwa wa aina hiyo ukiwa bado unaendelea, vipandikizi navyo huliwa, na wakati mwingine lazima kinyofolewe kipande cha ngozi kikapimwe. (Akina dada mliopoteza nywele za pembeni kwa misuko ya kubana, hili linawahusu. Acheni kwanza misuko, mjue mizizi imekufa au bado, halafu ndiyo mzungumze habari ya kupandikiza.) Alivitazama pia vipele vyangu vya ukosini, vile ambavyo huwa tunailaumu mashine ya kinyozi. Vipele hivyo vikiachwa huweza kugeuka uvimbe mgumu wa makovu. Alinipa dawa vitulie, akasema sehemu hiyo ya chini haitaguswa kamwe.

Jaribio lilifanywa likizo ya Aprili na daktari mpasuaji anayekuja kutoka Nairobi, ambako ndiko kazi kamili hufanyika. Sindano ya ganzi inauma, msikubali kudanganywa. Baada ya hapo nilisikia tu kukwaruzwa. Vipandikizi vichache vilitolewa nyuma vikapandwa kwenye panja la kushoto, kisha nikarudi darasani. Keloidi haina haraka, inaweza kujitokeza miezi mingi baada ya jeraha kufunga, ndiyo maana tuliangalia tena Agosti na kisha Desemba. Anayekwambia wiki mbili zinatosha anakuuzia.

Matokeo: nyuma hakuna kilichovimba. Nukta zimelala sawa na ngozi, ila zina weupe kidogo. Nywele za panjani zilianguka zote wiki za mwanzo, nikaingiwa na wasiwasi ingawa nilikuwa nimeonywa, kisha zikachipuka upya.

Ila kuna kinyozi wangu wa Kondele. Nilimwomba aninyoe jordan, yaani kichwa chote hadi ngozi, akasimamisha mashine.

"Mwalimu, hapa nyuma umeng'atwa na nini?"

Nikicheka nilimwambia aache namba mbili, na kweli nukta zikapotea. Swali lile lilinisaidia kuamua kuliko maelezo yote ya kliniki. Nikipandikiza kichwa kizima, jordan basi, labda nikubali kuonyesha kisogo chenye madoa. Na upara haukomi kwa sababu umepandikiza: nywele za asili zilizobaki zinaendelea kuanguka usipotumia dawa kama minoksidili au finasteridi, huku kisogo nacho kina akiba yake, ukishaimaliza hakuna mahali pengine pa maana pa kuchota. Nimeamua nitafanya panja peke yake, utosi nitauacha na minoksidili. Najua jaribio zuri halinipi hakikisho. Keloidi ikitokea, kuikata tu huifanya irudi mara nyingi, kwa hiyo nimeambiwa dalili ya kwanza ya kuwasha au kuvimba nirudi mapema nidungwe sindano za steroidi.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa sababu ya mapokezi: unapewa saa tatu unaingia saa sita, na ada ya daktari inalipwa upya kila ukirudi hata akikutazama dakika tano. Pia pesa za jaribio hazikatwi kwenye bei ya kazi kamili, jambo ambalo waliniambia baada ya kulipa.

Ukitaka kwenda, jina la daktari litafute kwanza kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, iliyo mtandaoni, na uulize ni nani hasa atakayeshika kifaa, yeye au fundi wake. Nenda na nywele zimeota kidogo, usinyoe siku hiyo, na uwaonyeshe kila kovu ulilo nalo mwilini, hata lile la tetekuwanga unaloona aibu kulifunulia shati.